Kwenda kumwona mama Marangu, masharti ya korona yalipolegezwa, 2020

Jumatatu ya tarehe 29 Juni 2020 shule zilifunguliwa tena baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, na jioni ile ile simu kutoka nyumbani zikaanza: "Mnakuja lini?" Kwa sisi tunaokaa Arusha huku wazazi wako mgombani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, iwe Marangu, Kibosho, Machame au Rombo, swali hilo lilikuwa zito. Pasaka hatukwenda. Tangu katikati ya Machi tulikuwa tunawaamkia wazee wetu kwa simu tu, na wapo waliokaa miezi mitatu bila kumtia machoni mtoto hata mmoja.

Mimi nilikwenda mara mbili, Juni na Julai. Safari ya kwanza niliiharibu, ya pili ilikwenda vizuri, na tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa maandalizi. Nayaandika hapa kwa mpangilio, kwa yeyote anayetaka kumwona mama yake bila kumpelekea ugonjwa.

1. Elewa kwanza kilicholegezwa ni nini

Hapa kwetu hatukufungiwa ndani. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wa Namanga, waliwekewa amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi, na Rwanda na Uganda watu waliambiwa wabaki majumbani. Sisi masoko yaliendelea, makanisa na misikiti haikufungwa. Vilivyosimama ni shule, vyuo, michezo na mikusanyiko, halafu ndege za kimataifa. Shule zilifungwa 17 Machi, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza nchini, ambaye alikuwa hapa hapa Arusha. Kisha vitu vikaanza kurudi kimoja kimoja: anga ikafunguliwa Mei, vyuo na kidato cha sita wakarudi 1 Juni, na mwisho wa Juni shule zote.

Kila kinapofunguliwa kimoja, idadi ya watu wanaokutana na nyumba yako inaongezeka. Ruhusa ya serikali inaihusu nchi nzima. Haimjui mama yako mwenye miaka 74, presha na sukari. Ugonjwa huu huwaelemea zaidi wazee na wenye maradhi ya namna hiyo, na ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuambukiza siku mbili kabla hajaona dalili yoyote. Kwa hiyo "mbona mimi ni mzima" haitoshi kuwa sababu ya kupanda gari.

Usisubiri namba pia. Wakati ule takwimu mpya za Tanzania Bara zilikuwa hazijatangazwa tangu mwisho wa Aprili. Panga safari kwa kuiangalia nyumba yako mwenyewe: nani anatoka, anakwenda wapi, anakaa na nani kwa muda gani.

2. Chagua wa kwenda, halafu hesabu siku 14 kurudi nyuma

Safari ya kwanza aende mtu mzima mmoja, au wawili wanaoishi nyumba moja. Watoto wabaki. Najua mama atalalamika kwamba amenyimwa wajukuu, na lalamiko hilo linaumiza, lakini watoto ndiyo kwanza walikuwa wamerudi kwenye madarasa yaliyojaa, na mtoto anaweza kuwa na korona bila hata kukohoa. Wape wiki kadhaa, uone darasani kwao kunaendaje.

Chukua kalenda ya ukutani. Weka alama siku ya kusafiri, kisha rudi nyuma siku 14. Dalili kwa kawaida hujitokeza siku ya tano au ya sita tangu kuambukizwa, lakini zinaweza kuchelewa mpaka wiki mbili. Ndani ya siku hizo sikwambii ujifungie, maana ugali lazima utafutwe. Nakwambia upunguze. Sokoni Kilombero nilikwenda mara moja kwa wiki, mapema kabla watu hawajajaa, nikiwa na orodha mkononi ili nisizunguke. Kikao cha kikoba nilituma mchango kwa simu. Ibadani nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango uliokuwa wazi. Na nywele, dada zangu, sikusuka. Kusukwa ni saa nne za kukaa pua kwa pua na msusi ambaye tangu asubuhi ameshahudumia wengine. Nilifunga kilemba na mama hakujali.

Akitokea mtu yeyote nyumbani kwako mwenye homa, kikohozi, au aliyepotewa na harufu na ladha, safari inasogezwa na siku zinahesabiwa upya. Usibishane na hilo hata kama umeshanunua mchele na sukari za kupeleka.

3. Piga simu ya maelezo wiki moja kabla

Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni mwa Juni. Niliteremka Marangu Mtoni, nikachukua bodaboda hadi nyumbani, nikamkuta mama amesimama chini ya mparachichi. Alinyoosha mikono yote miwili. Mimi nikarudi nyuma hatua mbili, nikasema, "Mama, subiri kwanza." Mikono yake ilibaki hewani kidogo, kisha akaifuta kwenye khanga kana kwamba ina tope, akageuka akaingia jikoni. Hakunisemesha mpaka chakula kilipoiva.

Kwetu Uchagani aliyemkosea mzee haendi kuomba radhi mikono mitupu. Nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, nikachuma jani la sale, mmea wetu wa kuombea msamaha, nikaliweka juu ya kigoda katikati yetu, nikakaa mbali kusubiri. Baadaye akalichukua. Lakini kosa lile lisingetokea kama ningemweleza kabla, kwa sababu mama si mkaidi. Alichoona yeye ni mtoto wake wa kumzaa anamkwepa.

Kwa hiyo piga simu, na useme wazi wazi. Mimi safari ya pili nilisema hivi: "Mama, nikifika sitakushika mkono. Nimetoka mjini, nitapanda gari na watu nisiowajua. Nitakuamkia nikiwa pale kwenye mparachichi, tutakaa uani, na nitalala chumba cha nje." Mwache aulize. Mkumbushe kwamba shikamoo haihitaji kiganja. Tangu zamani mtoto huamkia hata akiwa njiani, na marahaba inafika vile vile.

Zungumza pia na anayeishi naye. Kwa mama yupo kijana anayemkatia ng'ombe majani, naye ndiye anayeshuka sokoni na kupiga soga na bodaboda. Mama anaweza kukaa ndani mwezi mzima, lakini asipoelewa kijana huyo, ni kazi bure. Wengi pia walikuwa na ndugu waliorudi kijijini baada ya utalii kusimama, wapagazi na waongozaji watalii ambao msimu ule hawakupanda mlima. Hao nao wapigie, na uwape heshima yao. Walirudi bila mshahara na hawakupenda kuambiwa kwamba wao ndio hatari.

4. Barakoa na maji ya kunawa

Barakoa nilishonewa na fundi wa jirani kwa shilingi 1,000 moja. Mwambie akushonee tabaka tatu: kitenge nje, kitambaa chepesi katikati, pamba laini ndani. Ya tabaka moja tu huwa nyepesi mno. Jaribu hivi: ivae, washa kiberiti mbele ya mdomo, upulize. Moto ukizimika kwa urahisi, rudi kwa fundi. Shona za kutosha kubadilisha, tatu zako na tatu za mama, na chukua kipimo cha uso wake kwa uzi, kwa sababu inayolegea hushuka chini ya pua, naye atachoka kuipandisha. Zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, zikauke juani.

Maji ndiyo yaliyonipa kazi zaidi. Nilitaka kumtengenezea kibuyu chirizi, na nitaeleza namna yake kwa sababu kwa wageni kinafaa sana. Unahitaji dumu la lita 5 lenye mfuniko, miti miwili yenye panda urefu wa mita mbili hivi, fito moja ya kulala juu, kamba, kijiti cha kukanyagia na sabuni ya mche. Chimbia miti ile miwili kiasi cha nusu mita kwenda chini, iachane hatua moja. Pasha msumari moto, utoboe tundu dogo upande wa mbele wa dumu, chini kidogo ya usawa wa mfuniko. Ning'iniza dumu kwenye fito kwa mkono wake. Toboa mfuniko, pitisha kamba, ifunge fundo kwa ndani, na ncha ya pili ifunge kwenye kijiti kinachogusa ardhi. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Hugusi kitu kwa mkono. Sabuni itoboe uining'inize pembeni. Chini mwaga kokoto, la sivyo siku ya pili pana tope na kuku wamehamia hapo.

Nilipomaliza, mama alijaribu, akayumba. Kukanyaga kijiti maana yake ni kusimama kwa mguu mmoja, na magoti yake hayamruhusu tena. Kwa hiyo kibuyu chirizi kikabaki mlangoni kwa wageni, na yeye nikamnunulia ndoo ya koki, nikaiweka juu ya stuli kwa urefu wa kiuno chake, karibu na ukuta anaoweza kuuegemea. Mfikirie mzee wako kabla ya kuanza kuchimba.

Jambo jingine: Julai Marangu maji ni barafu. Mzee ataloweka ncha za vidole na kusema amenawa. Kila asubuhi mchanganyie ndooni birika moja la maji ya moto, yawe vuguvugu. Tangu tuanze kufanya hivyo, mama ananawa kwa sabuni mpaka kwenye vifundo, na sekunde 20 zinafika bila kumhesabia. Kitakasa mikono beba cha njiani tu, nacho kiwe na kilevi kisichopungua asilimia 60. Pombe kali za dukani haziwezi kazi hiyo.

5. Njiani

Arusha mpaka Moshi ni kilomita 80 hivi, halafu kuna gari la pili la kupitia Himo. Ukiwa na uwezo wa kupanda gari la mtu unayemjua, mchangie mafuta. Wengi tunapanda kosta, basi panda ile ya alfajiri ambayo haijajaa, kaa dirishani, na usikubali kuingia gari lenye watu waliosimama. Agizo la kila abiria kukaa kwenye kiti, ile leveli siti, lilitusaidia sana, lakini kufikia Julai makonda walikuwa wameanza kulisahau.

Dirisha lako liache wazi. Baridi ya Julai itafanya wenzako walalamike, kwa hiyo vaa koti zito na mwambie jirani kwa upole, "Shangazi, tuache upenyo kidogo, hewa ipite." Mimi nilimpa shuka langu, akakubali. Nauli iandae kamili kwenye mfuko wa mbele ili usipokezane chenji. Usile ndani ya gari. Kula maana yake ni kuvua barakoa ndani ya gari lenye watu.

6. Ukifika

Nawa kwanza kabla ya kuingia uani. Badilisha nguo za safari, zianike juani. Kisha amkia, ukiwa umbali wa hatua mbili ndefu.

Kukaa nje ndiyo sehemu muhimu kuliko zote, kwa sababu chumba kilichofungwa hubakiza pumzi za waliomo, na uani upepo huzichukua. Shida ni kwamba Marangu mwezi wa Julai ukungu unashuka asubuhi na jioni, na mzee hawezi kukaa kwenye baridi kwa ajili ya mazungumzo. Tulichofanya ni kungoja. Saa sita mpaka saa tisa jua likitoka ndio muda wetu. Mama alikaa ukutani mwa nyumba ambapo jua linapiga, blanketi magotini, mimi kwenye kigoda upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwangu. Tulimenya ndizi za mtori tukiwa hivyo, kila mmoja na kisu chake na beseni lake, na nakuhakikishia mazungumzo ya kumenya ndizi ni marefu kuliko ya kochini. Mvua ikinyesha, hamieni barazani. Usimfuate kwenye jiko la kuni lenye dirisha moja, hata kama huko ndiko kwenye joto.

Ukiweza kwenda na kurudi siku moja, ni bora. Ukilala, lala chumba chako peke yako na dirisha liwe wazi.

Chakula hakina tatizo kikipakuliwa na mtu mmoja aliyenawa, kila mtu na sahani yake.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiyo yenye tatizo. Ukisikika umefika, majirani watakuja, na kata ya kunywea itatoka. Kata moja ikizunguka midomo sita ni njia ya wazi ya maambukizi, lakini kata ile imebeba heshima: nani anaanza, nani anapokea kutoka kwa nani. Usiseme "tuache mbege." Nunua vikombe vya plastiki mapema, kila mtu apate chake, na kata itumike kuchotea tu. Mzee wa kwanza amiminiwe kwanza, kwa mpangilio ule ule wa siku zote. Nilipomwomba mjomba ruhusa ya kufanya hivyo, alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba zamani kwenye ugonjwa wa kuhara damu walifanya vile vile. Baada ya hapo hakuna aliyebisha.

7. Msiba

Siwezi kuandika kuhusu kwenda nyumbani nikaruka jambo hili. Miezi ile mitatu wapo tuliowazika bila kuwazika sawasawa. Kwa hiyo mtu akifika kijijini, kabla hajaweka begi chini aliambiwa kwa nani na kwa nani hajaenda kutoa pole.

Nenda, lakini usimchukue mama. Nenda mchana, simama uani na barakoa yako, toa pole ukiwa umeweka mkono kifuani, tuma rambirambi kwa simu au iweke kwenye bahasha. Usiingie chumbani wanamokaa wafiwa, na usikae sana. Ukirudi, nawa na ubadilishe nguo kama ulivyofanya ulipowasili. Kama ni mazishi yenyewe na watu ni wengi, yahudhurie mwisho wa safari, ukitoka hapo uende moja kwa moja kupanda gari la kurudi mjini.

8. Kabla hujaondoka, kagua dawa

Wazee kadhaa waliogopa kwenda kliniki kuanzia Machi. Mwombe mama kadi yake ya kliniki, hesabu vidonge, linganisha na tarehe. Mimi nilikuta mama amekuwa akinywa kidonge cha presha siku moja na kuacha siku moja, ili visiishe. Hakuwa amemwambia mtu. Mnunulie za miezi miwili, kwa cheti chake, na mweleze kijana anayeishi naye zinavyonywewa.

Uliza pia kuhusu nyungu. Wengi walikuwa wanajifukiza, na mvuke unaweza kumpa mtu nafuu ya mafua, lakini hauui virusi vilivyo mwilini, na mzee aliyeinamia sufuria ya maji yanayochemka ndani ya blanketi anaweza kuungua vibaya sana. Mama alikuwa akifanya peke yake usiku. Tulikubaliana aache, na badala yake anakunywa chai ya tangawizi, ambayo anaipenda hata hivyo.

9. Siku 14 baada ya kurudi

Piga simu kila siku, na uulize maswali mahususi: umekohoa? umelala vipi? chakula kina ladha? Ukiugua wewe baada ya kurudi Arusha, mwambie siku ile ile. Usifiche kwa aibu. Siku moja ya kuficha ni siku ambayo mama anaendelea kukutana na majirani.

Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure, mfundishe anayeishi naye. Mzee akihema kwa shida, kifua kikibana, midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu au akianza kuchanganyikiwa, ni kwenda hospitali muda huo huo, si kusubiri asubuhi. Na usiku mgombani gari halipatikani kwa kupunga mkono barabarani. Kabla hujaondoka, elewana na dereva mmoja wa jirani mwenye gari linalowaka vizuri, mkubaliane bei ya mpaka hospitalini, na umwachie mama fedha hiyo kwenye simu yake, isiguswe kwa kitu kingine. Namba ya dereva iandike kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi, ibandike ukutani karibu na kalenda, na mwambie kijana aipige mchana ule ule mbele yako ili mhakikishe inapokelewa.